Gari la Baba Lilipopanda Kinyumenyume

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko wangu mbaya. Shule niliishia darasa la nane. Leo nimenusa petroli kwenye kitambaa, nikakumbuka gari kuukuu la baba, alilokuwa akishindana nalo mbio ujanani.

Siku moja nikiwa mtoto tulivuka Likoni kwa feri maji yametoka, bahari imekupwa, hivyo njia ya kutokea ferini ilikuwa mlima mkali. Mama akasema, "Likikwama leo, kesho naliuza kwa watu wa vyuma chakavu."

Gari lilipanda kidogo, likarudi. Hamali wa mikokoteni wakacheka. "Mzee, tukuletee punda?"

Baba aligeuza gari, mkia ukaelekea juu, kwani gia ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi.

"Mwanangu, nitazamie njia."

Nilipiga magoti kwenye kiti cha nyuma. "Kushoto, baba! Nyoosha!"

Tukapanda kinyumenyume, polepole, wale hamali wakitupisha, hadi barabarani. Baba akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Mama alikohoa, akafuta vumbi la dirisha kwa leso yake. "Haliuzwi," akasema.

Kama kwenu lipo gari kongwe, niandikieni. Nitajibu, ingawa naandika taratibu.