Sauti Aliyoizima Mume Wangu

Mume wangu hakupenda kula kitu asichokipika mwenyewe, na kompyuta yake aliilea hivyo hivyo. Mfumo wa kuiendesha aliouweka nyumbani kwetu Makorora hauleti programu zikiwa tayari. Unaleta msimbo wake, yaani maandishi ya mwandishi wa programu, kompyuta inazijenga humo humo, wakati mwingine kutwa nzima, na kabla ya kujenga unaiambia nini kitiwe na nini kiachwe.

Hapo ndipo tulipogombana miaka. Sote wawili tulikuwa tukila kwa kuandika programu. Mimi nilitaka vya ziada viwe vifurushi vya peke yake, kama pilipili ya pembeni: anayetaka aongeze. Yeye alitaka itiwe sufuriani au isitiwe kabisa.

"Na ukibadili mawazo?" nilimuuliza.

"Unapika upya."

Basi akazima kila alichokiona takataka, na cha kwanza kilikuwa sauti inayomsomea mtu maandishi ya kwenye skrini. Kando ya mstari wa kuizima, kwenye faili la mipangilio, akaandika ya kunichokoza: humu hamna kipofu. Nilicheka, maana ilichekesha.

Kisha sukari ikampanda machoni. Daktari alisema jicho moja limekwisha, la pili halina muda. Alirudi nyumbani, hakula, akakaa mbele ya kompyuta akakuza herufi mpaka neno moja likajaa skrini nzima. Alitaka sauti ile iwe tayari akiwa bado anaona, ajifunze kuitumia, aendelee na kazi yake bila kushikwa mkono. Hilo tu. Ingekuwa kifurushi, ningekiweka chai haijapoa. Lakini alikuwa ameinyima kila programu sauti hiyo, kwa hiyo kila programu ilibidi ijengwe upya, kwenye kompyuta kuukuu na umeme wa kukatikakatika. Ile ya kuvinjari mtandao ilikuwa ikikaribia mwisho, umeme unakwenda, tunaanza moja.

Nilimwambia tuweke mfumo mwingine, ule wa kila kitu tayari. Akakataa.

"Una kichwa kigumu wewe," nilimwambia, "na kitakuponza."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa hofu.

Jicho halikungoja. Asubuhi moja, namimina uji, aliniuliza kama umeme umekatika tena. Feni ilikuwa inazunguka. Kisha akaisikia mwenyewe.

Kazi ya kujenga niliimalizia mimi, yeye kitandani amegeukia ukutani. Ilipokwisha nilimkalisha kitini, nikamwekea vidole kwenye kibodi. Alitaka kwanza kuhakikisha nimewasha sawasawa, kwani hakuwahi kuniamini kwa mipangilio yake. Akafungua faili bila kukosea. Sauti ikaanza kusoma, kavu, ya kizungu, ikikivunjavunja Kiswahili chetu, mstari baada ya mstari. Nilikuwa nimebadili kila kilichohitaji kubadilishwa. Yale maandishi ya kando sikuyagusa, maana kompyuta haiyajali.

"Humu hamna kipofu," ikasoma.

Akairudisha kwenye mstari ule. Ikasoma tena.

"Niyafute?" nilimuuliza.

"Hapana," akasema, akaanza kuyafuta mwenyewe kutoka mwisho, na ile sauti ikamtajia kila herufi inayoondoka.