Dizeli ya Kufika kwa Mama

Mwaka nilioamua kumtafutia mama pikapu, nilikuwa nimechoshwa na simu zake za saa kumi na mbili asubuhi. Si kwamba alilalamika. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Alinipigia kunipa habari tu: gari la kukusanya maziwa halikufika tena, maziwa ya jana ameyamwaga, barabara imekatika pale bondeni. Kisha aliniuliza kama nimekunywa chai.

Mimi nilikuwa karani wa bima Upper Hill, ghorofa ya tisa, kwenye ofisi yenye zulia. Mama alikuwa na ng'ombe sita na mbuzi kadhaa nyuma ya vilima vya Ngong, kilomita nne kutoka kwenye lami, kwenye ule udongo mweusi ambao ukilowa hushika kiatu mpaka ukiache. Baba alikuwa ameshatuacha. Shamba lilibaki kwa mama na mfanyakazi mmoja mtu mzima.

Mvua ya Aprili iliponyesha, ng'ombe wake mkubwa alishikwa na uchungu na ndama akakwama. Daktari wa mifugo aliliacha gari lake dogo kwenye lami akaja kwa miguu. Alipofika, ndama alikuwa amekufa, na jioni ile ile ng'ombe naye akafa. Mama hakulia kwenye simu. Alisema, "Nataka gari la kazi. La dizeli, linalovuta mbele na nyuma. Na wewe ndiye unayekaa huko yanakouzwa."

Nilidhani ni jambo la wiki mbili.

Nilianza na duka la magari mapya kwenye Barabara ya Ngong, kwa sababu wakati wa chakula cha mchana ningeweza kufika na kurudi. Nilivaa suti ya kazini. Kijana wa mauzo alinipokea vizuri, akanipa maji baridi, akaniketisha ndani ya pikapu nyeupe iliyonukia upya wa kiwandani.

"Madam, angalia screen," akasema. "Ukirudi nyuma unaona kila kitu. Na simu inashika yenyewe."

Nikamuuliza lina gia ya chini, ile ya kupandia mlima kwa nguvu na polepole. Akasema lina gia zote. Nikamuuliza chini yake pana nafasi kiasi gani, maana barabara ya kwa mama ina mawe katikati. Akafungua karatasi, akaifunga. Nikamuuliza springi za nyuma zitabeba magunia mangapi bila kulala.

Akatabasamu. "Labda ukuje na mzee, tumweleze hiyo upande ya technical."

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumbani."

Nilimwambia kwamba mzee wa nyumbani ni mimi. Akacheka kwa heshima, akadhani ni utani. Nilipoomba kulijaribu, tulizunguka Upper Hill mara moja, kwenye lami, yeye ameshika ule mshikio wa juu ya dirisha kana kwamba namteka nyara. Niliona kipande cha kiwanja kilichokuwa kikichimbwa kwa ajili ya jengo, kina tope zuri kabisa la kupimia, nikawasha indiketa.

"Hapana, hapana, madam! Itachafuka!"

Nilirudi ofisini nikiwa na njaa na hasira, bila kujua chochote zaidi ya kwamba simu inashika yenyewe.

Baada ya hapo nilimtafuta fundi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye gereji ndogo Dagoretti, karibu na machinjio, aliyezoea kutengeneza magari ya wachuuzi wa ng'ombe. Hakuwa na maneno mengi. Tulikwenda pamoja kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na kabla hata sijasalimia, akaweka kiganja juu ya boneti ya pikapu tuliyoitiwa.

"Hii imewashwa leo," akamwambia muuzaji. "Tutarudi kesho tuikute baridi."

Kesho yake tukaikuta moto. Muuzaji akasema alikuwa anaisogeza kupisha gari lingine. Siku ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikadanganya kwamba nina daktari wa meno, tukafika geti likifunguliwa. Boneti ilikuwa baridi. Fundi akawasha. Injini ilikohoa, ikatetema, na moshi wa buluu ukajaza yadi nzima mpaka mlinzi akaondoka kwenye kiti chake. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Hewa ikapuliza kutoka ndani kama sufuria inayochemka.

"Imechoka," akasema.

"Hiyo ni baridi tu ya asubuhi," muuzaji akasema. "Si hata wewe asubuhi unakohoa?"

Nilimtazama yule mtu, mweupe wa meno, hana aibu hata chembe, nikahisi machozi ya hasira yananijia. Siku tatu. Siku tatu za kunichezea, na bado alitarajia nicheke.

Tuliangalia mengine mengi. Moja lilikuwa na fremu iliyoliwa na kutu na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Kisu cha fundi kiliingia kama kwenye keki. Jingine lilikuwa zuri, lakini mwenyewe alikuwa amebadili mawazo jana yake na hakuona haja ya kunipigia. Mei ikafika. Mama aliendelea kunipa habari zake za asubuhi, na mimi nikaanza kuogopa kushika simu.

Ndipo mwenzangu wa ofisini akanielekeza kwa mzee mmoja Lavington. Nilikwenda peke yangu Jumamosi, maana fundi alikuwa na kazi. Mlinzi alinifungulia, mtunza bustani akazima mashine ya kukatia majani, na mzee akatoka akiwa amevaa sweta ya mikono mirefu na viatu vyeupe vya kutembelea. Alikuwa amestaafu kazi ya benki. Pikapu yake, kijivu, ya milango minne, ilikaa chini ya paa la mabati safi.

"Niliinunua nikiwa na mpango wa shamba Nyahururu," alisema. "Mpango ukabaki mpango. Mke wangu aliugua, tukawa tunaenda hospitali nayo. Sasa hayuko, na mimi nahitaji gari dogo."

Niliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akawasha. Injini ilishika mara moja, ikatulia, ikanguruma kwa sauti nzito isiyo na wasiwasi, na nyuma hapakuwa na moshi ila mvuke mwembamba. Nilisimama pale nikiisikiliza. Baada ya wiki zile zote, nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuamini.

"Inavuta mbele na nyuma?" niliuliza.

"Yote manne." Akabonyeza swichi, taa ya kijani ikawaka mbele ya usukani. "Unaona?"

Nikamweleza kuhusu mama na ule udongo mweusi, nikamwambia sitanunua gari bila kulitia kwenye tope likiwa na mzigo. Nilijiandaa kwa "itachafuka". Lakini mzee alisema tu, "Hiyo ni haki yako," akaenda kuchukua kofia.

Jumatatu ilikuwa sikukuu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikutana Dagoretti. Kwa kuwa mama alihitaji chakula cha ng'ombe, nilinunua magunia kumi dukani, tukayapakia. Fundi alichelewa, na alipofika, mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

"Tupande kwanza kabla haijanyesha," akasema. "Chini nitaikagua baadaye gereji."

Nyuma ya machinjio palikuwa na njia ya kuteremka kwenye kijito na kupanda upande wa pili, tope tupu, iliyokanyagwa na kwato. Mimi nilikaa kwenye usukani, mzee kando yangu. Fundi alisimama nje. Nikabonyeza swichi, taa ya kijani ikawaka. Tukateremka vizuri. Tukaanza kupanda. Katikati ya mlima, pikapu ikapoteza nguvu, mkia ukaenda kushoto, tukasimama. Nikakanyaga mafuta. Tope likaruka nyuma kama limemwagwa kwa beleshi.

"Wacha! Wacha!" fundi akapiga kelele. Akaja mpaka dirishani. "Magurudumu ya mbele hayazunguki hata kidogo."

"Haiwezekani," mzee akasema. "Taa inawaka."

Fundi akatandaza gunia tupu kwenye tope, akalala chali, akaingia chini. Tulisikia tochi yake ikigonga chuma. Alipotoka, mgongo wote ulikuwa mweusi.

"Ile shafti ya kuzungusha magurudumu ya mbele haiko."

"Imevunjika?" nikauliza.

"Haiko. Mtu aliitoa. Kuna mahali pake, yenyewe hakuna."

Najuta maneno niliyomwambia mzee pale. Nilimwambia ni mwongo kama wengine wote, ila yeye ana nyumba kubwa. Nilimwambia kuhusu ng'ombe aliyekufa, kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Nilimwambia nimepoteza ruhusa zangu zote za kazini kutafuta gari moja la kweli katika mji mzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua mlango, akashuka na viatu vyake vyeupe, akazama mpaka kwenye vifundo, akainama kutazama chini ya gari lake mwenyewe.

"Sikujua," akasema. "Sijawahi kuipeleka mahali inapohitaji."

Akapiga simu gereji aliyokuwa akipeleka gari miaka yote. Aliweka sauti nje, nadhani ili nisikie. Mtu wa upande wa pili alikumbuka bila shida. "Eeh, mzee, si ilikuwa inapiga kelele? Tuliitoa, kelele ikaisha. Tulimwambia dereva wako." Yule dereva alikuwa ameshaacha kazi zamani. Mzee akakata simu bila kuaga, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika.

Mvua ikaanza. Mchuuzi wa nyasi alipita na pikapu yake kuukuu, taa moja imevunjika, mlango umefungwa kwa waya. Akatufunga mnyororo akatuvuta mpaka juu bila hata kuongeza sauti ya injini. Fundi aliitazama ile pikapu kama mtu anayetazama chakula.

"Unauza?" nikamuuliza mchuuzi.

"Hii?" Akacheka sana. "Nikuuzie, halafu mimi nile nini?"

Kwa hasira nikayahamishia magunia yangu kwenye mkokoteni wa punda hadi gereji, yakalowa mawili. Nilirudi nyumbani nikiwa na tope mpaka kwenye nywele, nikampigia mama, na alipouliza gari limepatikana, nilimwambia asiniulize.

Siku nne baadaye mzee alinipigia. Hakuomba nimsamehe wala hakunidai msamaha. Alisema anatafuta shafti, kwa gharama yake, na ikipatikana niende tena kwenye mlima ule ule. Nikikataa gari, basi. Nilikubali kwa shingo upande. Shafti ya kwanza waliyomletea ilikuwa fupi. Ya pili ilikuwa ya gari jingine kabisa. Ya tatu ilifika mwishoni mwa Juni, fundi wangu akaifunga mwenyewe, na safari hii alianza kwa kulala chini ya gari kabla hata ya kusalimu mtu.

Tulipanda. Magunia kumi, gia ya chini, magurudumu manne yakila tope polepole bila kelele. Tulipofika juu fundi alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Mimi nilitarajia kufurahi. Nilichohisi ni uchovu, na kinyongo, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaisha. Tope lenyewe tulilopimia lilikuwa la maji ya machinjio. Barabara ya kwa mama ilikuwa imekauka. Gari dogo lolote lingefika.

Tulipomaliza karatasi, mzee aliomba kitu kimoja: kuja nami siku ya kulipeleka. Sikuwa na hamu, lakini nikashindwa kukataa. Njia nzima, magunia ya chakula cha ng'ombe yakiwa nyuma, alinifundisha kuendesha. "Klachi polepole. Usiipigishe kelele. Hapa shusha gia." Tulipopita Ngong nilikuwa nimeuma meno kiasi cha kuumwa na kichwa. Tulipoacha lami aliacha kunifundisha, akashusha kioo, vumbi likaingia, na hakukifunga.

Mama alitupokea getini. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akachungulia ndani.

"Viti vya ngozi," akaniambia kwa lawama. "Nani atakuwa anavipangusa?"

Kisha akamgeukia mzee, ambaye alikuwa amesimama akitazama ng'ombe watano waliobaki, mikono nyuma.

"Na wewe, baba, umesimama tu? Shika upande ule wa gunia."

Mzee akavua sweta, akaiweka juu ya boneti, akaenda kushika.