Mwanamke Aliyetoka Dirishani

Kwanza nieleze jambo moja, maana bila hilo utatucheka bure. Sinema zote tulizokuwa tumeona misioni zilikuwa mafundisho. Tulikuwa tumeona mateso ya Yesu, watakatifu wakitupiwa simba, hata namna ya kuchemsha maji ya kunywa. Zote zilisema Kifaransa, na katekista wetu alisimama na fimbo yake kando ya shuka lililotundikwa ukutani kuonyeshea picha, akitueleza kwa Kiswahili nani ni mwema na nani ni mbaya. Kifaransa chake kilikuwa cha sala na salamu tu. Lakini hadithi zile alizijua kabla ya mashine kuwashwa, kwa hiyo hakukosea.

Jumapili moja, Pasaka ikikaribia, tulijaa darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na joto la mchana likitupika. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, katika mwaka wa mwisho wa mafundisho, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kubatizwa. Mama alikuwa ameanza kunishonea gauni jeupe.

Kwenye shuka walitokea Wazungu waliovaa kanzu nyeupe, wakiimba nyuma ya mzee mwenye ndevu, mpaka kwenye nyumba iliyosimama peke yake kando ya bahari. Katekista alitueleza kwamba hao ni wafiadini. Mzee akawapitishia kikombe. Kila aliyekunywa alipiga magoti, akalala, asiamke tena. Mwanamke mmoja alijifanya kunywa, akamwaga kinywaji ndani ya mkono wa kanzu yake, akatoka kupitia dirishani akakimbia.

"Huyu ndiye Yuda wao," alisema katekista, fimbo ikimgusa mgongoni.

Darasa lote likamzomea. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa mbele yetu, alimsemesha kama mtu anayejuana naye sokoni: "Kimbia tu, dada. Mungu iko na miguu kukupita weye." Watu wakacheka.

Mimi nilichanganyikiwa. Sinema haikubaki na wale wafu, ilimfuata yeye. Ilituonyesha nyayo zake zikitoka damu, na mzee yule akija nyuma pole pole na taa mkononi. Nilishika kikwembe alichojifunga mama nikimwomba Mungu asikamatwe. Kisha nikakumbuka kwamba ninamwombea Yuda, nikaomba msamaha. Mzee akakaribia, nikaanza tena kumwombea. Mwishowe mzee aliteleza akaanguka baharini, na mwanamke akabaki barabarani, hai, peke yake. Shuka likawa jeupe. Katekista akasema adhabu yake lazima iko katika kasha lingine la filamu.

Tulirudi nyumbani kwetu Kasenga, na mama akasimama uani. Hapo akaniuliza: "Ile kikombe, weye ungekunywa?" Nilimjibu kwamba sijui.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mtihani. Baada ya amri kumi na sakramenti, katekista alimwuliza kila mmoja kosa la yule mwanamke. Wenzangu walijibu vizuri: aliwaacha wenzake, alimwaga kitu kitakatifu. Zamu yangu ikafika.

"Mwalimu, sikuona kosa yake," nilisema.

Hakukasirika. Aliniambia kwa upole kwamba mtu asiyeona kosa hawezi kukataa dhambi, kisha akapiga mstari juu ya jina langu. Ningengoja mwaka mwingine.

Mama alikunja lile gauni lisilo na mikono bado, akanishika mkono tukaenda kwa katekista. Alimwomba amwulize padri sinema ile ilisema nini. Katekista alitazama chini. Sasa naelewa tulimwomba kitu kikubwa: kumwuliza padri kulikuwa ni kukiri kwamba alitutafsiria asichokisikia.

Lakini aliuliza. Siku mbili baadaye alikuja kwetu, akakataa kiti, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Alituambia kwamba kasha lile lilikuwa limeletwa misioni kwa makosa; lilikuwa la klabu ya Wazungu. Ilikuwa sinema ya kutisha watu tu. Mzee yule alikuwa nabii wa uongo, na kikombe kilikuwa na sumu.

"Minye niliwadanganya, mama," alisema. "Na Padri amekataza tusiiseme tena. Hata kwa wengine."

Mama alimwuliza wale watoto wengine watabaki na fundisho gani. Alitoa orodha mfukoni, akaandika jina langu upya mwisho kabisa, na kuniomba nisimwambie mtu. Nikakubali, maana nililitaka lile gauni na nilitaka sana kubatizwa.

Siku ya ubatizo tulipanga mstari nje ya kanisa. Rafiki yangu aliyesimama mbele yangu alinigeukia akanong'ona: "Kumbe umekubali kosa ya yule mwanamke?"

Katekista alikuwa akipita na orodha yake. Alisikia, akasimama. Nilimtazama, naye akanitazama, na nikaona kwamba hakujua ni jibu gani alilotaka nitoe.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Rafiki yangu akatabasamu, akanishika mkono kwa furaha ya kweli, na katekista akatuambia tunyooshe mstari.