Springi za Lori la Majani Chai

Kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba springi ya lori iliyobeba majani chai miaka mingi hulainika kama godoro, kwa sababu majani ni mzigo mpole. Habari hiyo niliipata kwenye kituo cha Sosiot, tukipanga foleni ya kupimiwa majani, kutoka kwa jirani asiyekuwa na hata baiskeli. Mimi, mwenye cheti cha masomo ya usiku ukutani, sikuuliza swali hata moja.

Pikapu yangu nilikuwa nimeiinua juu zaidi ya magurudumu kwa ajili ya safari za kupiga kambi, na nyuma ilihitaji springi mpya. Mke wangu alikuwa ameshanionya. "Baba watoto, nikiumia mgongo tena, utaenda kambini na ng'ombe."

Basi nikanunua springi za lori kuukuu la majani, vyuma tisa kila upande, zikakatwa hadi zikaingia kwenye pikapu. Nikamwahidi mke wangu kuwa atasinzia njiani.

Kufika Sigowet, kila shimo lilikuwa likiturusha juu hadi naona Bomet nzima. Mke wangu alishuka, akatembea kwa miguu, na bado akafika kambini kabla yangu.

Jumatatu yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi. "Muulize nikisikia," akasema, "ama sipandi hii kitu tena."

Nikaeleza yote kuhusu ulaini wa majani. Fundi alichungulia chini ya gari, kisha akatazama hema letu na sufuria mbili, mzigo wote uliokuwa bado nyuma ya pikapu.

"Mzee, chuma hakilainishwi na majani. Hizi ni za kubeba tani kadhaa. Mzigo wako ni mwepesi, ndiyo maana hazipindi, zinawarusha tu. Weka springi za mzigo unaobeba."