Mwalimu Kumbe na barua iliyoandikwa na mlango

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Kengele imeshalia, na darasa la tatu limejaa mpaka dirishani. Mbele ya ubao kuna kiti kimoja cha mbao, na juu ya kiti ameketi msichana wa miaka minane, mikono kaibana mapajani kama mtu aliyefikishwa mahakamani.

"Wewe ni nani?" anauliza mtoto wa dawati la kwanza.

"Mimi ni ufagio."

"Unalala wapi?"

"Kwenye kona. Nasimama kichwa chini, miguu juu."

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, hacheki. Ameegemea ukuta, chaki mkononi, macho kwa mtoto aliyeketi.

"Unamchukia nani?" anauliza mwingine kutoka nyuma.

Msichana anafikiri. "Vumbi la chaki. Halikamatiki."

"Kumbe!" anasema mwalimu, na kwa sauti ile darasa zima linajua kwamba jibu limempendeza. Anageukia ubao, anaandika: *Vumbi la chaki halikamatiki.* "Sasa niambieni. Huyu akiwa mmoja ni ufagio. Wakija wenzake kumi?"

"Fagio!"

"Fagio hizi zina nini?"

"Zimechoka!"

Hivyo ndivyo somo la Kiswahili linavyofundishwa katika chumba hiki chenye watoto sitini na wanane, madawati ishirini na mbili na vitabu vya kusoma kumi na tisa. Wazazi wengi hawalijui jina halisi la mwalimu huyu. Wanafunzi wamempa la kwao, Mwalimu Kumbe, na limemganda. Hata mwalimu mkuu hulitumia anapojisahau.

Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameitumia darasani. Miaka kumi na mitano ya kwanza, anasema bila kuona haya, alifundisha kama alivyofundishwa yeye. Mwalimu anaandika, watoto wananakili, mwalimu anasahihisha hati.

"Nilikuwa na darasa tulivu kuliko yote shuleni," anasema. "Wageni wakija, mwalimu mkuu anawaleta kwangu kwanza. Utulivu wenyewe sasa! Watoto walikuwa kimya kwa sababu hawakuwa na la kusema."

Kilichombadilisha ni mvua. Siku moja, miaka sita iliyopita, aliwaambia watoto waandike sentensi tatu kuhusu mvua. Alipokusanya madaftari, karibu yote yalikuwa na sentensi ileile ya kitabuni: mvua ni maji yanayotoka mawinguni. Wakati huohuo mvua yenyewe ilikuwa inalipiga bati kwa nguvu hadi sauti ya mwalimu haikusikika hata kwenye dawati la pili.

"Nikasema, haya ni maajabu. Mvua ipo hapa juu ya vichwa vyetu, na sisi tunanakili mvua ya kitabuni. Nikaandika ubaoni: *Bati linasema nini?* Nikakaa."

Mtoto mmoja aliandika kwamba bati linalalamika linatupiwa mawe na mtu asiyeonekana. Mwingine akaandika kwamba bati linapiga makofi kwa sababu limeoga. Mwalimu alisoma mpaka kengele ikalia, akarudi nyumbani na madaftari yote kwenye mfuko, akamsomea mumewe jikoni wakati anamenya vitunguu.

Tangu hapo ana kiti cha kuulizwa maswali. Ana mfuko wa kitambaa wenye ufunguo usio na kufuli, kiatu kimoja cha mtoto, kijiko kilichopinda na vitu vingine anavyookota njiani. Mtoto anatia mkono bila kutazama, anatoa kitu, anakisimulia. Na ana zoezi la barua, ambalo watoto hulipenda kuliko yote. Mtoto anachagua kitu cha nyumbani kwao, anajifanya ndiye kitu hicho, anamwandikia barua mtu wa nyumba ile.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka kabla hajaanza, watoto kumi na wanne tu kati ya sitini waliweza kuandika sentensi tano za kutunga wenyewe. Mwaka jana waliweza hamsini na mmoja kati ya sitini na sita. Darasa lake sasa ndilo lenye kelele kuliko yote shuleni, na mwalimu wa darasa la jirani amewahi kubisha ukutani kwa kiatu.

Lakini zoezi hilohilo la barua ndilo lililotaka kumng'oa darasani.

Ilikuwa muhula uliopita, siku ya Jumatano. Katika rundo la barua alikutana na moja ya binti wa miaka tisa, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye karakana yake iko mtaa wa nyuma ya shule. Binti huyo hukaa dawati la mwisho, na kwa miezi mingi hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja. Barua yake ilijaa ukurasa.

"Kwa Baba," ilianza. "Mimi ni mlango. Wewe ni fundi wa milango na mimi ulinitengeneza mwenyewe ukanipaka rangi ya kijani. Zamani ulikuwa unanifungua kwa mkono. Siku hizi unanifungua kwa mguu. Bawaba yangu moja imelegea. Ukija na hasira mama anatazama chini, na mimi siwezi kwenda kujificha kwa sababu nimefungwa ukutani. Tafadhali nipigie hodi kama wageni wanavyopiga. Ni mimi, Mlango."

Mwalimu alifurahi mno. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

"Niliona uandishi, sikuona nyumba," anasema. "Niliona 'zamani' na 'siku hizi' zimekaa mahali pake. Niliona nafsi haijapotea toka mwanzo hadi mwisho. Nikasema, jamani, sikilizeni mwenzenu alivyoandika. Nikasoma kwa sauti, barua nzima."

Watoto walicheka alipofika kwenye mguu. Binti aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati. Mwalimu alidhani ni haya ya kusifiwa.

Jioni ile barua ilikuwa imeshatoka nje ya geti. Watoto wana kumbukumbu, na watoto wa darasa hili wamefundishwa kusimulia vizuri. Kufikia kesho yake mchana, wateja walikuwa wanaingia karakanani wakimuuliza fundi kama milango anayowauzia inastahimili teke.

Alhamisi binti hakuja shule. Ijumaa hakuja. Jumatatu alikuja baba yake.

Hakuingia darasani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na sauti yake ilisikika hadi uwanjani. "Nimemleta mtoto afundishwe kusoma na kuandika, hamkuambiwa mumfundishe kunianika! Huyo mwalimu wenu anafundisha watoto umbea."

Mwalimu mkuu, mwanamume mpole anayekaribia kustaafu, alimwita Mwalimu Kumbe mchana. "Mwalimu, mimi kazi yako naipenda," alimwambia. "Lakini hili limefika kwa wazazi. Kamati ya shule itakaa wiki ijayo. Mpaka wakati huo, hakuna kiti, hakuna mfuko, hakuna barua. Fundisha kitabu."

"Na wakikataa?"

"Watakuhamishia darasa lingine. Au shule nyingine. Sitakudanganya."

Alifundisha kitabu siku tatu. Watoto wakanakili. Siku ya pili, mmoja aliuliza kama mwalimu ni mgonjwa.

Nyumbani, mumewe alimshauri asubiri kamati, aende na vielelezo, ajitetee. Yeye aliona kwamba kuna jambo la kufanya kabla ya kujitetea. Alhamisi saa tisa alasiri, baada ya kuwaaga watoto, aliichukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaenda karakanani.

Fundi alikuwa anaunganisha fremu ya dirisha. Alimwona, akamalizia kwanza mshono wake wa kuchomelea, kisha akainua miwani myeusi mpaka kwenye paji.

"Mwalimu, kama umekuja kuomba niondoe malalamiko, umechoka bure."

"Sikuja kwa hilo, baba. Nimekuja kukuomba radhi. Barua ilikuwa yako, nikawasomea watu sitini na saba kabla yako. Nimekosa."

 Huenda fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakujua afanye nini na maneno aliyoyaweka akiba. Alijifuta mikono kwenye kitambaa cheusi kwa grisi.

"Mtaa mzima unaijua hiyo barua," alisema hatimaye. "Mtu pekee ambaye hajaiona ni mimi."

Mwalimu akamkabidhi. Fundi aliifungua, akaitazama kutoka juu hadi chini, muda mrefu kuliko urefu wa barua yenyewe. Kisha akamrudishia.

"Nisomee," alisema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo mwalimu alipoelewa. Alivuta kopo la rangi lililokuwa tupu, akalikalia, akasoma polepole, safari hii kama mtu anayesoma barua ya mtu mbele ya mwenyewe. Hapakuwa na msaidizi wala mteja.

"Hapo kwenye wageni. Rudia."

Akarudia.

"Ameandika yeye? Hukumsaidia?"

"Herufi kwa herufi, yeye."

"Hakuna makosa?"

"Mawili. Bawaba ameiandika 'bababa'."

Fundi alicheka kidogo, bila kupenda, akageuza uso kuelekea kwenye mashine yake. "Mimi niliacha shule darasa la pili," alisema. "Mkataba wa mteja nasomewa. Vipimo nakariri. Na huyu anaweza kuandika ukurasa mzima." Kisha akaongeza, bado amempa mgongo, "Kesho atakuja shule."

Binti alikuja kweli. Mwalimu alimwita kando ya bomba, akamwomba radhi naye pia, kwa heshima ileile aliyomwomba nayo baba. Anasema jibu alilopewa limemfunza zaidi ya semina zote alizowahi kuhudhuria.

"Mwalimu, ulisema tuandike," mtoto alimwambia. "Hukusema utasoma."

Kamati ilipokaa, fundi alihudhuria. Wajumbe walitegemea awake moto. Alisimama, akasema hana malalamiko tena, ila ana sharti. Mambo ya nyumbani mwa mtu yasisomwe mbele za watu bila ruhusa ya aliyeandika. Akakaa. Mjumbe mmoja, mama mwenye duka la vifaa vya shule, alitaka zoezi lipigwe marufuku kabisa. Mjadala ulichukua saa moja na nusu. Mwishoni mwalimu akaruhusiwa kuendelea, kwa sharti la fundi, na kwa onyo la maandishi ambalo liko kwenye faili lake mpaka leo.

"Onyo lile ni halali yangu," anasema. "Sijaomba liondolewe."

Sasa darasani kuna masanduku mawili ya mbao aliyotengeneza mumewe. Moja limeandikwa SOMA, lingine limeandikwa KWAKO TU. Mtoto ndiye anayechagua atatumbukiza wapi. Barua za sanduku la pili mwalimu huzisoma peke yake na kuzijibu kwa maandishi, kisha humrudishia mwenyewe zikiwa zimekunjwa. Mwezi uliopita alipokea barua mia moja na kumi na mbili katika sanduku hilo. Mbili kati yake zilimfanya aende kumwona mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na nyumba mbili zikatembelewa na watu wanaohusika. Zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Gazeti hili lilipomuuliza fundi kama siku hizi anapiga hodi nyumbani kwake, alikuna kidevu. "Bawaba nimeibadilisha," alijibu. "Hayo mengine nayafanyia kazi."

Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula karakanani, alisema kwa upande wake: "Siku hizi nasikia hatua, sisikii kishindo. Si kila siku. Lakini siku nyingi."

Safari ile ya karakanani ilimwachia Mwalimu Kumbe jambo jingine. Alianza kujiuliza ni wazazi wangapi ambao watoto wao wanaandika kurasa na wao hawawezi kuzisoma. Aliwauliza wachache kwa siri, mmoja mmoja, getini. Baada ya wiki tatu alikuwa na majina kumi na moja ya waliotaka kufundishwa. La fundi lilikuwa la kwanza.

Mwalimu mkuu amempa chumba cha darasa la tatu, Jumatatu na Jumatano kuanzia saa kumi jioni. Tatizo lililobaki ni madawati, maana magoti ya mtu mzima hayaingii chini yake. Fundi amechukua manne, anayaongezea miguu ya chuma.

Mwalimu hajawahi kufundisha watu wazima, na anakiri kwamba hofu anayo. "Mtoto ukimwambia awe ufagio, anakuwa ufagio palepale," anasema. "Sijui baba mzima nitamwanzaje. Lakini a-e-i-o-u peke yake sitawafundisha. Kila mmoja atakuja na kitu chake cha kazi, atakisimulia, na maneno atakayosema ndiyo tutakayoandika. Nataka mwaka ukiisha, kila mmoja aweze kulichukua daftari la mwanawe akalisoma mwenyewe, kitandani kwake, bila kumwita mtu."

Anapofunga mlango wa darasa mchana huu, mama mmoja anayefua nguo za watu anamsubiri kwenye ngazi, beseni likiwa nyongani.

"Mwalimu, nimesikia kuna darasa la wakubwa."

"Lipo, mama. Linaanza Jumatatu."

"Kuna mtihani?"

"Hakuna."

"Kuna kuchapwa?"

"Mama, nani atakuchapa wewe?"

Mama anacheka, anahamishia beseni nyonga ya pili. "Basi niandike. Mimi na mume wangu. Yeye hajui bado, nitamwambia mwenyewe."

Mwalimu anatoa kalamu kwenye nywele zake, anageuza karatasi, na kuandika jina la kumi na mbili na la kumi na tatu.