Magesa na Kompyuta ya Mama Enoka

Magesa wa Buhare, muuza spea za pikipiki, alikuwa na dini mbili: ya Jumapili na ya nailoni. Kitu kipya hakivuliwi nguo! Rimoti ilikuwa na nailoni yake, tangi la pikipiki nalo, na makochi ya sebuleni aliyoyatoa Bunda, ambayo mgeni akitaka kuinuka yanamng'ang'ania mapaja mpaka anaona haya. "Vitu vinatunzwa," alisemaga, kifua mbele.

Mtu huyo akaamua kuunda kompyuta kwa mikono yake. Anayefungua injini ashindwe na boksi lenye feni? Mkewe Dorkas, mama wa mtoto wao Enoka, alikuwa akichapa barua kwenye stesheneri ya watu mjini. Akamwamini, masikini. Akaacha kazi, akamuaga bosi wake kwa maringo kidogo, maana Jumatatu anafungua stesheneri yake. Mpaka kwao Butiama walishaambiwa.

Jumamosi mchana, baada ya maombi mafupi, Magesa akabonyeza. Feni ikavuma, taa ikawaka, Dorkas akapiga kigelegele. Kigelegele hakijaisha, kompyuta ikazima. Kioo hakikuonyesha hata nukta.

"Umeme mdogo huu," alisema fundi wetu.

Akabadilisha ekstensheni. Akachomoa nyaya, akazichomeka upya. Akatoa memori, akaisugua kwa ufutio, akaipuliza kama plagi ya pikipiki. Wapi! Kila akiwasha inavuma, inazima. Jasho likamtoka. Magesa, akajisemea moyoni, wewe umezoea pikipiki za kupiga kiki. Hapa utapiga kiki wapi?

Mwisho akameza kiburi, akampigia shemeji yake Jofrey, fundi kompyuta wa Bunda, simu akaiweka spika.

"Inazima haraka hivyo? Basi prosesa, ule ubongo wa mashine, inachemka, shemeji. Joto lake halifiki kwenye feni."

"Itachemkaje na feni ni mpya kabisa?"

Dorkas alikuwa kwenye kochi, machozi yanamlengalenga, akiwaza atarudije kwa yule bosi mkono mbele mkono nyuma. Aliposikia "mpya kabisa", akainuka. Kochi likalia praaa! Akalitazama kochi, akamtazama mumewe.

"Baba Enoka. Hiyo feni uliivua nailoni?"

"Ya juu nilitoa," alisema Magesa. "Ile ya chini, inapokalia prosesa... ilikuwa inang'aa vizuri. Nikaona tuitunze."

Jofrey alicheka mpaka simu ikakatika. Magesa akafungua feni, akabandua kinailoni chake kipenzi, akapaka dawa ya kupozea, akarudishia. Akawasha. Kioo kikawaka, kikatulia hivyo hivyo.

"Mjinga kama mimi ndiye wa kuvishwa nailoni," alisema, akicheka kwa aibu.

Dorkas hakupiga kigelegele safari hii. Alichukua mkasi, akaanza kuchana nailoni ya kochi, mkono kwanza, kisha mgongo. Magesa akafungua mdomo amkataze. Akaufunga.

"Kaa," Dorkas alimwambia.

Akakaa. Kitambaa kilikuwa laini. Tangu ayanunue makochi yale, hakuwahi kukijua.