Pini za Goti la Balbina

Sikumpenda Levina, na sitajifanya nilimpenda eti kwa kuwa amestaafu. Miaka yote niliyofanya naye kazi chumba cha upasuaji, katika hospitali moja pale Ifakara, hakuitikia shikamoo yangu bila kuniangalia kwanza viatu. Mdomo wake ulikuwa shubiri. Lakini kushona kidonda alijua.

Mwaka tisini na sita alikuja Dakta Faustino na kifaa cha kubania vidonda kwa pini za chuma. Alitaka kulinganisha pini na uzi. Alipompasua Balbina, mkulima wa Mofu aliyevunjika pia ya goti, kidonda akakifunga juu kwa pini, chini kwa uzi.

"Pini atazitoa nani?" Levina akauliza.

"Kuna koleo lake, liko kabatini kwangu. Sista, shika kazi yako."

Nilifurahi sana kumwona amezibwa mdomo.

Siku ya tisa Balbina alitoroka wodini akaamie ndege, mpunga wake usiishie midomoni mwao. Uzi mhudumu wa zahanati ya kwao aliukata kwa wembe. Pini zilimshinda. Dakta alikuwa Dar es Salaam mkutanoni, na ufunguo wa kabati anao yeye. Wiki ya tatu tukapata habari kwamba goti limevimba na halikunjiki.

Levina alivunja kufuli kwa nyundo, akachukua koleo, akaniamuru nichukue baiskeli. Kule Mofu nilishika mguu, yeye akang'oa pini moja moja huku usaha ukitoka, na matusi yake hayakukatika.

"Mpunga umekuzidi akili wewe mama."

Balbina naye alimrudishia kwa Kindamba, bila kumbakishia kitu.

Dakta aliporudi alitaka shahidi wa kufuli. Nikasaini, na Levina akasimamishwa kazi miezi mitatu. Miezi miwili baadaye nilimsindikiza Dakta Mofu akaandike matokeo. Balbina, ambaye sasa alitembea bila fimbo, alilifunika goti kwa kitenge.

"Yule mwanamke kanitukana mbele ya wanangu, simpendi," alisema. "Lakini alinifuata mimi. Wewe Dakta umefuata daftari lako."

Kisha akanigeukia. "Na wewe uliyenishika mguu, yeye hakuja kwa nini?"

Nilikuwa nimebeba begi la Dakta. Nilimwambia Levina anaumwa.